Mwalimu wa Majani Asiyejua Kupika

Nimelisha watu wengi. Mgahawa wangu uko Mikumi, kando ya barabara kuu, na wanaokula kwangu ni madereva wa malori, askari wa mbuga na abiria ambao basi limewaharibikia. Nikimwangalia mtu anavyomega tonge la kwanza, najua kama ana njaa, ana mawazo au ana maringo. Lakini mlaji niliyemjua kuliko wote sikumpata hapa. Huyo nilimjua nikiwa msichana wa darasa la sita, kijijini kwetu upande wa Ulaya, hii yetu ya jirani na Mikumi, si ya Wazungu, miaka ile tulipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Alikuwa mwalimu wetu wa sayansi.

Jina lake silitaji, na sijui hata kama wengi walilijua. Wakubwa walimwita Mwalimu wa Majani. Sisi watoto tulimwita Mwalimu akiwapo, na akigeuka tu tulimwita Uyoga, kwa sababu nitakayoisema. Ukoo wake haunihusu. Alishuka kwenye lori la mizigo akiwa na baiskeli, sanduku la bati na chupa za kioo alizozifunga kwenye shuka, akaanza kazi kesho yake.

Bwana yule alikuwa bingwa wa kudoea. Nasema kwa upendo, lakini nasema. Hakuwa na mke wala hakuonyesha dalili ya kutafuta, na nyuma ya nyumba yake mafiga matatu yalikuwa yameota nyasi katikati. Ikifika saa saba mchana utamsikia, "Hodi wenyewe," na wenyewe tumeshakaa tumezunguka sinia. Kwa mila yetu mtu akikukuta unakula humwambii arudi baadaye. Unasogea. Naye hakuwa mtu wa kubembelezwa, ananawa, anasema bismillahi kwetu Waislamu na kufanya ishara ya msalaba kwa majirani Wakristo, kisha anakula taratibu kama aliyelipia. Jumanne na Ijumaa zilikuwa zamu yetu. Mama akisikia kengele ya baiskeli yake alikuwa anaongeza unga kwenye sufuria kabla hata ya kuitikia hodi.

Basi mtu huyohuyo, asiyejua kuchemsha maji ya uji, ndiye aliyetufundisha chakula chote cha dunia kinakopikwa. Alichuma jani la muhogo, akaliinua mbele ya dirisha ili jua lipite, akatuuliza tunaona nini. Tukasema tunaona kisamvu. Akacheka mpaka akakaa. Halafu akasema kile ambacho mpaka leo nikisonga ugali nakikumbuka: hili ni jiko. Kuni zake ni jua. Sufuria yake ni huu ukijani. Maji linayavuta kutoka chini kwa mizizi, na hewa linaivuta kwa matundu madogo tusiyoyaona, ile hewa tunayoitoa sisi puani kama uchafu. Linachanganya maji na hewa, linapika kwa jua, linapata sukari. Inayozidi linaipeleka chini kwenye mizizi ikawe unga wa akiba. Hakuna mnyama anayeweza kazi hiyo, hata awe na meno gani.

Mtoto mmoja mkorofi akauliza, je, uyoga, maana uyoga hauna ukijani. Mwalimu akafurahi kwa swali lile kuliko sisi tulivyofurahia kengele ya kutoka. Akasema uyoga haujipikii, unakaa juu ya gogo lililooza na kula vilivyopikwa na mti zamani. "Kwa hiyo unadoea," akasema yule mtoto. Darasa zima likainamisha vichwa kuzuia kicheko. Mwalimu akatutazama mmoja mmoja, akasema bila kuona haya kwamba ndiyo, unadoea, na hata yeye ni uyoga, na sisi pia tukae tukijua kwamba ni uyoga wenye miguu. Jina lile likamganda tangu siku hiyo.

Kwenye mkutano mmoja wa tawi alisimama akasema kiumbe anayejitegemea kweli duniani ni mmea peke yake, wengine wote tunategemea. Katibu wa tawi, kijana mwenye suti ya kaunda na sauti kubwa kuliko kifua chake, akakunja uso. Siku zile kujitegemea lilikuwa neno la siasa, si la kuchezewa. Akamtaka Mwalimu aeleze kama anaikejeli siasa ya nchi. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba jani halijipikii lenyewe tu, linapikia shina, mizizi, maua, na hata wadudu wanaolitoboa. Kama huo si ujamaa, basi yeye hajauelewa ujamaa na angeomba aelimishwe. Watu wakapiga makofi, na katibu naye akapiga kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Neno lake kubwa lilikuwa, "Tusibishane, tuliulize jani." Mkibishana kuhusu mvua, ndoa, au nani kaiba kuku, atalisema. Ilikuwa inachosha, jamani. Mama aliwahi kumwambia kwamba jani halijawahi kuzaa wala kukopwa chumvi na jirani, kwa hiyo mengine aulize watu.

Na alikuwa na vituko vyake. Aliyapenda majani, lakini hapakuwa na mpera uliosalimika karibu na shule, maana fimbo zake zote zilitoka huko, mbichi, zenye majani kwenye ncha. Alitufundisha subira ya mimea, naye hakuweza kungoja chai ipoe. Shule ilipopata lori la kutupeleka kuona mbuga ya Mikumi, tulimwona simba jike amelala na watoto wake, karibu kabisa, tukabanwa na woga na furaha. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa lori anatuita tugeuke tutazame nyasi. Akasema nyumbu kala nyasi, simba kala nyumbu, kwa hiyo simba naye anakula nyasi kwa mkono wa mwenziwe, na adabu ni kumtazama mpishi kwanza. Hakuna aliyegeuka. Alikasirika siku nzima, na jioni akala kwetu sahani mbili.

Lakini alikuwa akisema jambo, analionyesha. Alimwomba mama kipande cha kaniki iliyochakaa, akakifunga katikati ya jani la muhogo lililokuwa bado kwenye shina, akaliacha juani. Siku ya pili akalichuma, akaifungua kaniki, akalichemsha jani kwenye maji, kisha kwenye spiriti aliyoomba zahanati. Harufu ya spiriti ikatoka madirishani. Haikupita muda mgambo wa kijiji akaingia darasani na rungu, ameambiwa mwalimu anapika gongo na watoto wa watu. Mwalimu akamkaribisha kiti. Jani lilikuwa limepauka limekuwa jeupe, ukijani wote umehamia kwenye spiriti. Akalidondoshea ile dawa ya kahawia tunayopakwa kwenye vidonda. Pale palipopata jua pakawa peusi kama wino, na pale palipozibwa na kaniki pakabaki pamepauka. Akasema hiyo dawa ikikuta unga inageuka nyeusi, kwa hiyo palipopigwa jua pamepikwa, na palipozibwa hapakupikwa kitu. Mgambo akakaa mpaka mwisho wa kipindi.

Sasa nije kwenye muhogo, maana huko ndiko alikopimwa yeye mwenyewe.

Kabla ya kuhamishwa, kila nyumba ilikuwa mbali na nyingine, na kila mama alikuwa na muhogo wake nyuma ya nyumba. Kisamvu kwetu hakinyimwi mtu. Mizizi ni mali yako, lakini majani, mpita njia akihitaji mboga anachuma, na ukimkataza utaitwa mchoyo mpaka kaburini. Mila ile haikumdhuru mtu, maana wapita njia walikuwa wachache. Kijiji kipya kilipopangwa, nyumba zikakaa kwa mistari, na shamba la muhogo likawa moja, la wote, hatua chache kutoka milangoni. Akina mama wakaendelea na mila ileile. Asubuhi anachuma huyu, jioni yule, kesho wengine. Shamba likabaki vijiti vitupu. Likijaribu kuchipua, machipukizi ndiyo matamu zaidi, nayo yanaondoka.

Mwaka uliotangulia mvua zilikuwa zimetudanganya. Tulikuwa tumekula mahindi ya msaada, yale ya njano, na lori lake lilikuja lilipotaka. Kila mtu alijua kwamba miezi ya mbele, kabla ya mahindi mapya, kama muhogo ule hautashika, tutalala njaa, na wengine walishaanza kunong'ona kuhusu kutoroka kurudi kwenye mahame yao. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, akasema ataweka mgambo shambani, na mama atakayekutwa anachuma atachapwa viboko.

Mwalimu akasimama. Akasema viboko havina haja. Akaomba shamba ligawanywe kwa kamba ya katani. Upande wa shule usiguswe hata jani moja mpaka siku ya kuvuna, na ule mwingine watu wachume wapendavyo. Siku ya kuvuna kila mtu ataona. Akaeleza kwamba jani ndilo jiko, na ukilivunja jiko kila siku, usitegemee akiba ghalani.

Mama yangu akasimama. Mama alikuwa mfupi, lakini akisimama mkutanoni watu walikuwa wanajiweka sawa.

"Mwalimu," akasema, "watoto wangu wanataka mboga leo. Hiyo mizizi yako italiwa lini?"

"Mwakani, Mama Zuhura. Kabla ya mahindi mapya."

"Na leo tule nini?"

Alisema atapanda mchicha shuleni na watoto watamwagilia, lakini alikiri kwamba hautatosha. Wazee wakakubali kugawa shamba, kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko viboko. Lakini akina mama walitoka pale wamenuna, maana nusu ya mboga yao ilikuwa imefungiwa kamba. Mama akasema kwa sauti, makusudi asikie, kwamba kama majani yanajipikia, basi na Mwalimu ajipikie. Wenzake wakacheka, wakakubaliana. Kuanzia siku ile hakuna aliyesogea kumpisha kwenye sinia.

Ah, tulimsikia akijifunza kupika. Ugali wake ulikuwa unanuka moshi mpaka kwetu. Mchana mmoja alipita akiwa na unga kwenye nyusi. Akakonda, suruali ikawa inafungwa kwa kamba, lakini hakulalamika, na darasani alifundisha vilevile.

Hasira ya mama haikuwa na maisha marefu. Haikupita wiki mbili, akapika ugali na maharage, akafunika sahani kwa kawa, akaipeleka mwenyewe mchana kweupe ili watu waone kwamba yeye ndiye aliyeanza na yeye ndiye anayemaliza. Nilikuwa mlangoni. Nilimwona akirudi na sahani ileile, imefunikwa vilevile.

Kwetu, kumrudishia mtu chakula bila kukionja ni kumwambia kwamba mikono yake michafu au moyo wake una sumu. Mama aliweka sahani chini, akaingia ndani. Sisi watoto tulikula kile chakula, maana njaa haina aibu. Baadaye majirani wengine nao walilegea, wakapeleka vya kwao, navyo vikarudi. Alishukuru kila mtu kwa adabu, akasema hatakula kwa mtu mpaka muhogo uvunwe. Ikaonekana ana kiburi. Mama akasema, "Kumbe tulikuwa tunalisha mtu anayetudharau." Nilimpenda sana mwalimu yule, na siku ile nilimchukia.

Miezi ikapita. Upande wa shule ukafungana kwa majani, ukawa kijani kizito, ukitembea ndani hulioni jua. Ule mwingine ulibaki vijiti. Mwalimu alikuwa anakwenda pale kila jioni, anasimama kwenye kamba, hagusi kitu. Niliona ni maringo, anaangalia ushindi wake.

Mahindi ya njano yalipoisha, lori halikuja, barabara ilikuwa imekatika. Mwenyekiti akaamuru tuvune. Kijiji kizima kikaja, na wazee, na watoto mgongoni. Wakaanza na upande uliochumwa. Wakang'oa shina la kwanza, chini yake mikia ya panya. La pili vilevile, la tatu vilevile. Wakahamia upande wa shule. Baba yangu akapiga jembe, akashika shina, akavuta, halikuja. Akaita mwenzake. Wakavuta wawili, ardhi ikapasuka, ikatoka mizizi minene kama mapaja ya watoto, imeshikana, myeupe ilipochubuka.

Bibi mmoja alianza kulia. Si kwa huzuni. Halafu vigelegele vikapigwa mpaka ndege wakaruka mitini, na mimi nilipiga kelele sijui za nini. Mama aliokota muhogo, akaumenya kwa meno, akatafuna mbichi, akamfuata Mwalimu aliyekuwa amesimama peke yake kwenye kamba.

"Mwalimu, leo utakula kwetu?"

"Leo nitakula, Mama Zuhura."

Na alikula! Alikula mpaka baba akaanza kumtazama. Tuliponea muhogo ule mpaka mahindi mapya, na hakuna aliyetoroka. Baadaye akina mama wenyewe walijiwekea sheria, bila mgambo wala kamba. Shina ulilochuma leo usilirudie mpaka mwezi mwingine uandame, na chipukizi la katikati haliguswi. Kisamvu kikaendelea kuliwa na hakuna aliyeitwa mchoyo. Mwalimu alihamishwa miaka michache baadaye, akaondoka na baiskeli yake na chupa zake, na habari ya sahani iliyorudishwa hakuna aliyeigusa tena. Ilikuwa imefunikwa na furaha, lakini nilimjua mama yangu.

Miaka ikaenda. Niliolewa, nikahamia Mikumi, nikafungua mgahawa, na baba alipofariki nikamchukua mama akae nami. Alikuwa anakaa nyuma jikoni anachambua mchele na kuwasema wasichana wangu wa kazi. Siku moja, saa sita hivi, mzee mmoja aliingia na fimbo, anasubiri gari la Ifakara, anakwenda kutibiwa macho. Akauliza kama kuna kisamvu. Nilikuwa nimempa mgongo, lakini ile sauti niliijua, nikaweka mwiko chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyu?"

Nikamwambia. Akanishika mkono kwa mikono miwili, hakuuachia. Nikampeleka nyuma, nikamkalisha karibu na mama, nikawapakulia wali na kisamvu cha karanga. Wakaulizana habari za waliokufa na waliobaki. Nilidhani yataishia hapo. Lakini mama alikuwa amefika umri ambao mtu hafungi tena kitu moyoni.

"Mwalimu," akasema, "nilikuletea ugali na maharage, ukanirudishia. Nilikukosea nini?"

Mzee alikuwa ameshanawa. Akaondoa mkono kwenye sahani. Mimi nilikuwa nimesimama pale na jagi la maji, sijui niondoke au nibaki.

"Hukunikosea," akasema. "Sikuwa na hakika."

Mama akamtazama.

"Nilisoma kitabuni habari za jani," akasema. "Maishani mwangu sikuwa nimewahi kulima muhogo. Nilikuwa nimewanyima watoto wako mboga kwa maneno ya kitabu. Kila jioni nilikuwa nakwenda pale kwenye kamba, naangalia ardhi, sijui chini kuna nini. Kama ningekosea, mngekufa njaa kwa sababu yangu. Ningewezaje kula kwenye nyumba ambayo huenda naiua?"

Miaka yote ile nilidhani alikuwa anakwenda pale kwenye kamba kuringa.

Mama akafuta mikono yake kwenye kanga, akaisogeza sahani ya mzee mpaka ikagusa vidole vyake.

"Mwalimu, wewe umesoma lakini hukutujua," akasema. "Hata ungekosea, ungekula."

Mzee akainamisha kichwa. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Kisha akamega tonge, na mama naye akamega, wakala kwenye sahani moja mpaka gari la Ifakara likapiga honi nje.